Kalenda Haina Penseli

Kuna watu ambao wakisikia umelemewa na kazi hawakuongezei mkono, wanakuletea programu. Ndio waliotuzunguka hapa Kakamega siku hizi. Ukilalamika kwamba mgongo unauma kwa kubeba viti, hakuna atakayeshika kiti upande wa pili. Utaambiwa kuna kitu cha kupakua: kitakupangia zamu ya kubeba, kitakukumbusha kubeba, na jioni kitakuchorea grafu ya ulivyobeba. Viti vyenyewe utavikuta palepale ulipoviacha.

Nina haki ya kulalamika kuhusu viti, maana ndivyo vinavyotulisha. Senje yangu, dada ya marehemu baba, ana biashara ya kukodisha hema, viti vya plastiki, spika na jenereta. Mimi ni mweka hesabu wake, mtunza ghala wake, na siku kijana wa kupakia asipoonekana, mpakiaji wake. Wateja wetu hutoka kaunti nzima, kuanzia Likuyani hadi Khwisero, nao ni wa aina mbili tu: wanaooa na wanaozika. Wanaozika ndio wengi. Wanaooa ndio wasumbufu, kwa sababu wao huuliza rangi.

Miaka yote hiyo mfumo wetu wa kupanga kazi ulikuwa daftari moja nene la jalada jeusi, na penseli iliyofungwa kwa uzi ili wajukuu wasiende nayo shuleni. Fungua ukurasa wowote utaona jinsi Senje anavyoendesha mambo. Mstari wa juu: “Jumamosi. Mzee wa Navakholo. Hema 3, viti 200, jenereta. Kama yule wa Saudia atafika.” Chini yake: “Amefika. Mochari bado.” Chini yake tena: “Bili imelipwa nusu. Jumamosi ijayo.” Halafu, kwa herufi za mtu aliyekasirika: “MASHEMEJI WAMEKATAA.” Pale penye tarehe pamefutwa na kuandikwa upya hadi karatasi imechakaa, ukiinua ukurasa unaona mwanga wa dirisha upande wa pili. Lakini hema zilifika siku ile ile mzee aliyozikwa, na viti vilirudi 198, jambo ambalo katika biashara yetu watu hulitolea sadaka.

Ndipo akaja mpwa wangu.

Huyu ni mwana wa dada yangu. Amesoma, ana kompyuta ya kupakata, na hufanya kazi za watu wa ng'ambo ambao hajawahi kuwaona na ambao, kwa bahati yao, hawajawahi kumwona akiamka. Alikuja kututembelea, akakaa ghalani asubuhi moja akinitazama nikifanya kazi, kisha akatikisa kichwa kwa huruma.

“Khotsa,” akaniambia, “mnaandika kitu kimoja mara tatu.”

Hapo sikuwa na la kubisha. Oda ikiingia, Senje huiandika kwenye daftari. Mimi huinakili kwenye kundi la WhatsApp la vijana wa kupakia. Kisha huinakili tena kwenye kipande cha karatasi cha dereva wa Canter, kwa kuwa simu ya dereva ni ile ya vibonye, kazi yake kupokea na kumulika njia.

Dawa, akasema mpwa, ni rahisi. Oda iingie kwenye kalenda ya simu, mara moja tu. Kalenda iunganishwe na programu ya kusimamia miradi, yenye ubao na kadi, kila oda kadi yake. Kati ya hizo mbili tuweke daraja la kujiendesha: tukio likiandikwa kwenye kalenda, kadi inajitokeza ubaoni, vijana wanaiona, na dereva anapata ujumbe mfupi. Bila kuandika msimbo hata mstari mmoja. “Ni kuburuta na kuunganisha tu, Khotsa. Hata Kukhu anaweza.”

Kukhu anayesemwa hapo ni Senje. Alikuwa kando yetu akihesabu vigingi vya hema. Hakuinua kichwa.

Kwa haki, kijana hakutunga hadithi. Teknolojia hiyo ipo, na si ya jana. Zapier ilianzishwa mwaka 2011 na vijana watatu mjini Columbia, jimbo la Missouri, Marekani. Make ilianzia Prague, nayo hadi 2022 iliitwa Integromat. Wajerumani wa Berlin wakatoa n8n yao mwaka 2019. Wote wanauza maneno yale yale: likitokea hili, fanya lile. Hilo la kwanza ni kichochezi, la pili ni kitendo. Marehemu mama yangu aliuendesha mfumo huo huo maisha yake yote: wingu likitanda, anua mahindi. Hakumtoza mtu hata senti, na kichochezi kikichelewa kutambuliwa, kitendo kilimshukia mtoto aliyekuwa karibu.

Ubao wenye kadi nao una ukoo wake. Wajapani wa Toyota ndio walioanza kuendesha kiwanda kwa kadi, baada ya Vita Vikuu vya Pili, ili fundi asitengeneze kitu kabla hakijahitajika na kazi isirundikane njiani. Wazo safi kabisa. Nashangaa tu kwamba watu hao hao walioumiza vichwa kuzuia mrundikano ndio waliotengeneza Probox, na sisi Waluhya tukaichukua Probox yao tukaweka abiria wanne mbele, akiwemo mmoja aliyekalia nusu ya kiti cha dereva. Kama kuna mtu wa Toyota amewahi kupanda gari la Shinyalu siku ya soko, sidhani alirudi akiamini kadi.

Kampuni tuliyoitumia sisi sitaitaja. Wao wana mawakili, mimi nina viti.

Siku ya kuunganisha, skrini ilituuliza swali. Programu ya daraja, ilisema, inaomba ruhusa ya kuona, kuhariri, kushiriki na kufuta kabisa kalenda zote. Mpwa alikuwa ameshaelekeza kidole kwenye “Kubali” Senje alipomshika mkono.

“Soma tena hapo mwisho.”

“Kufuta kabisa, Kukhu. Ni lugha yao tu.”

“Huyo anayetaka kufuta, tunamjua?”

Mpwa akaeleza kwamba Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu mwaka 2019, na kamishna wa kuisimamia. Senje akauliza kama kamishna huyo atakuja kuandika oda upya zikifutwa. Kijana akacheka, akabonyeza. Tangu hapo daftari jeusi likaanza kulala nyumbani kwa Senje, chini ya mto.

Wiki ya kwanza tukagundua kwamba kalenda haikubali jambo lisilo na mwisho. Ukiijazia saa ya kuanza ukaacha ya kumalizia, inajijazia yenyewe: saa moja baadaye. Kadi ya kwanza iliyojizaa ubaoni ilisomeka hivi: “Mazishi, Malava. 09:00 hadi 10:00. Kukusanya viti: 10:00.”

Saa nne asubuhi, kwenye mazishi ya Malava, mwili ndio kwanza unateremshwa garini. Bado ibada. Bado wajukuu, bado wakwe, bado chama cha akina mama, bado mwalimu aliyemfundisha marehemu darasa la nne na anayekumbuka alama zake. Bado mwakilishi wa wadi. Bado mbunge, ambaye atafika saa saba na kuanza kwa kusema kwamba hana mengi ya kusema. Halafu mvua ya mchana, ambayo hapa kwetu haina haja ya kualikwa, na watu wote wanabanana chini ya zile hema ambazo mfumo unasema tulishazikunja. Hata baada ya kuzika, hema moja hubaki bomani, maana waliotoka mbali bado wanalala hapo. Inaondoka lini? Inaondoka watu wakiondoka. Nionyeshe mahali pa kuandika hilo kwenye kalenda.

“Ni mipangilio tu, Khotsa,” mpwa akasema, akaongeza saa. Neno hilo, mipangilio, nimelichukia kuliko maneno yote ya kisasa. Ni namna ya kukwambia kwamba kosa lipo, lina jina, lina ukurasa wake, na lilikuwa linakusubiri wewe.

Kisha ikaja harusi ya Shinyalu.

Dereva wetu ni mtu wa kutii maandishi. Ukimwandikia “geuza kushoto” mbele ya mto, atapiga simu kuuliza kama mto tumeuhesabu, lakini atakuwa ameshageuza. Harusi ilikuwa Jumamosi saa tatu asubuhi. Ujumbe uliomfikia kwenye simu yake ya vibonye ulisema: “Hema 4, viti 300, Shinyalu. Ijumaa 23:00.” Akala chakula chake cha jioni, akapakia na vijana, akaondoka.

Fikiria boma la Shinyalu saa tano usiku. Watu wamelala, kesho wana harusi. Canter inaingia kwa mngurumo, taa zinamulika migomba, mbwa wote wa kijiji wanaamka. Kwa jirani kuna fahali wa kupigana, wale ambao wenye nao huwalisha vizuri kuliko wanavyojilisha wenyewe, na mwenye fahali hakungoja maelezo. Alitoka na rungu. Baba wa bibi harusi alitoka na panga. Akina mama walitoka na mayowe, ambayo kwa uzoefu wa dereva ndiyo silaha hatari zaidi, kwa kuwa huita vijiji vingine. Dereva akainua mikono na kutamka sentensi ambayo Shinyalu bado wanairudia kwenye sherehe:

“Jamani, mimi nimetumwa na Mfumo.”

“Mfumo ni nani?” akauliza mwenye rungu. “Wa boma gani?”

Walimwachilia baada ya kumpigia Senje simu, na Senje akaanza kwa kuwauliza kwanza kama viti viko salama.

Maelezo ya mpwa yalikuwa haya. Programu ya daraja ilifunguliwa ikiwa na saa za California, na hakuna aliyeibadilisha. Saa tatu asubuhi ya Jumamosi ya Kakamega, kule California bado ni Ijumaa saa tano usiku. Kwa hiyo mashine haikukosea. Ilitafsiri vizuri kabisa, kwa faida ya mtu anayeoa Los Angeles. Na si hilo tu. Wamarekani hurudisha saa zao nyuma kila Novemba na kuzisogeza mbele kila Machi, kwa hiyo kosa letu lenyewe lingehama: Novemba dereva angefika Shinyalu saa nne usiku badala ya saa tano. Hata ukiamua kulizoea kosa, halizoeleki.

Sisemi kwamba saa ni jambo jepesi. Serikali ya mkoloni nayo ilihangaika nayo humu nchini: kuanzia 1937 hadi 1942, saa ya Kenya ilikuwa mbele ya Greenwich kwa saa mbili na dakika 45. Kuna bwana alikaa ofisini akaamua ile robo. Tangu 1942 tumetulia kwenye saa tatu kamili, na hatujawahi kuamshana usiku kwa sababu hiyo mpaka tulipounganishwa. Mpwa alipofungua orodha ya kuchagua majira, nilimwambia atafute Kakamega. Haimo. Kuna Nairobi. Tukachagua Nairobi, jambo ambalo watu wa magharibi mwa nchi hii tumelizoea.

Baada ya saa kurekebishwa, mpwa akaona mfumo una nguvu ya kwenda mbele zaidi. Kwa nini mawasiliano yawe ya upande mmoja? Kadi ikibadilishwa ubaoni, kalenda nayo ijue. Akaweka daraja la pili la kurudi. Jioni ile Senje akaandika harusi ya Khwisero kwenye kalenda, tukaenda kulala.

Kilichotokea usiku huo ni hiki. Kalenda iliuambia ubao: kuna harusi Khwisero. Ubao ukatengeneza kadi. Daraja la pili likaona kadi mpya, likakimbia kuiambia kalenda: kuna harusi Khwisero. Kalenda ikaandika tukio jipya. Daraja la kwanza likaona tukio jipya, likakimbia kuuambia ubao. Hizo ndizo mashine mnazosema zina akili. Watu wawili wa kusengenya mtaani kwetu, hata wangekuwa wajinga namna gani, wangefika mahali mmoja akasema, “Si wewe ndiye uliyeniambia?”

Programu za namna hii, ukitumia mpango wa bure, hukupa kiasi fulani cha kazi kwa mwezi. Zapier, kwa mfano, wamekuwa wakitoa kazi 100, na huchungulia kama kuna jipya kila dakika 15. Ya kwetu ilichungulia, ikaona, ikaandika, ikachungulia tena, usiku kucha. Kufikia chai ya saa nne asubuhi, kiasi cha mwezi mzima kilikuwa kimekwisha, na Khwisero yote ilikuwa inaoa. Barua pepe ikaingia kutushauri tununue mpango mkubwa zaidi, kwa dola, kwa kuwa biashara yetu inakua haraka.

Ningeweza kuyasamehe hayo yote. La mzee wa Malava sijalisamehe.

Mpwa alikuwa ametengeneza ujumbe wa kukumbusha wateja. Siku mbili kabla ya shughuli, familia inapata ujumbe mfupi wa heshima wenye jina la mhusika, mahali na siku. Jambo zuri. Lakini tukio la mazishi yale alilitengeneza kwa kunakili tukio jingine, mkutano wa chama cha Senje, ambao hufanyika kila Jumamosi. Alibadilisha jina, akabadilisha mahali, akasahau alama ndogo pale chini inayosema “rudia kila wiki.”

Mzee akazikwa vizuri. Viti vikarudi. Alhamisi iliyofuata, mjane wake, akiwa amekaa nje ya nyumba na wanawe, akapokea ujumbe kutoka kwetu: “Tunawakumbusha kuwa mazishi ya Mzee ni Jumamosi hii. Tuko pamoja nanyi.”

Senje alipanda boda akaenda Malava mwenyewe, na jogoo mkubwa mwekundu mapajani. Mluhya akikuletea kuku, hasira yako lazima ingoje kuku aive, na kuku akishaiva hasira imeshasahau ilikuwa inasema nini. Mjane alikubali. Alisema tu kwamba marehemu alikuwa mtu wa kupenda sherehe, lakini mara moja ingemtosha.

Sasa nifike kwenye neno langu, maana kulalamika bila hoja ni kazi ya wanaume wa kituo cha boda na tayari wako wengi.

Shida si saa za California, wala alama ya kurudia. Hizo kweli ni mipangilio. Shida ni kwamba kalenda huamini tarehe. Ukiiandikia Jumamosi, kwake ni Jumamosi, na papo hapo inakimbia kuwaambia wengine wote. Mifumo hii imebuniwa na watu ambao kwao tarehe huja kwanza na mambo hufuata. Kwetu mambo huja kwanza. Tarehe ya mazishi Kakamega ni hoja inayojadiliwa. Kamati inakaa na kusema Jumamosi. Mtoto wa kwanza yuko Doha, mwajiri hajamwachilia. Bili ya hospitali inasubiri mchango, na mchango unasubiri mwisho wa mwezi. Wazee wanabishana azikwe upande gani wa nyumba. Wakwe wanakumbusha kwamba kuna ng'ombe wa mahari ambao hawajawahi kuonekana. Kibali cha mazishi hakijatoka. Kila mmoja wa hao ana uwezo wa kusogeza Jumamosi, na hakuna hata mmoja aliye kwenye kalenda yetu.

Ndiyo maana Senje anatumia penseli. Penseli inasema: nimesikia, lakini bado. Kwenye ukurasa wake unaona tarehe, unaona imefutwa mara ngapi, unaona nani aliisogeza, na kwa wingi wa kufutwa unajua kama upakie au usubiri. Kwenye kalenda, tarehe iliyosogezwa inahama bila kuacha alama, ikiwa safi na yenye uhakika ule ule iliokuwa nao jana ilipokuwa uongo.

Nilimweleza mpwa hivyo. Alisikiliza, kwa kuwa si kijana mbaya, akasema suluhisho lipo: tuongeze safu mpya ubaoni, tuiite “Huenda.” Kila oda isiyo na hakika ikae humo, na mfumo usimtume dereva hadi kadi ihamishwe. Tukaongeza. Kufikia Jumatano kila kadi ya mazishi ilikuwa kwenye Huenda. Safu ya “Tayari” ilikuwa na kadi moja, na hiyo ilikuwa ya kupaka Canter rangi, ambayo imekuwa tayari tangu Canter inunuliwe.

Kuna kitu kimoja kilichofanya kazi, na nisipokisema nitaambiwa nina roho mbaya. Harusi. Harusi za kanisani zina tarehe ya wino. Imetangazwa mbele ya waumini Jumapili tatu, kadi zimechapishwa, keki imelipiwa nusu, na mama wa bibi harusi ameshashona. Harusi ya namna hiyo haiahirishwi hata barabara ikikatika. Watu watavuka na gauni kichwani. Kwa harusi, daraja la mpwa linakwenda vizuri sana: kadi inatokea, vijana wanaona rangi, dereva anajua mahali, na mteja anakumbushwa salio bila mimi kupiga simu na kujifanya namjulia hali. Nakiri kwamba ujumbe wa mashine hudai deni kwa uso mkavu kuliko mimi.

Mazishi yamerudi kwenye daftari. Yanaingia kwenye kalenda pale tu dereva wa gari la maiti anapotupigia simu na kusema, “Tumetoka mochari.” Hicho ndicho kichochezi cha kweli katika kaunti hii. Tangu tuanze kukitii hatujapeleka hema mahali pasipo na watu. Mpwa alitaka kujua kama dereva huyo ana programu tunayoweza kuunganisha. Nikamwambia anayo: anapigiwa, anapokea, anajibu, na ukimtumia ya chai kwa M-Pesa anaongeza na habari za barabara.

Kwa hiyo hesabu yangu ya sasa ni hii. Naandika kwenye daftari, maana Senje haamini kingine, na stima ikipotea daftari halizimi. Naandika kwenye kalenda. Nafungua ubao kuhakikisha kalenda imeandika kilichoandikwa. Naandika kwenye WhatsApp, maana vijana walisahau nywila ya ubao wiki ile ile waliyopewa. Na namwandikia dereva karatasi, maana tangu Shinyalu hapokei amri kutoka kwa mtu ambaye hana boma. Tuliambiwa tunaandika mara tatu, tukapewa tiba. Sasa naandika mara nne, nakagua mara moja, na juu yake nimepewa cheo. Kwenye ubao ule, chini ya picha yangu, pameandikwa “Msimamizi wa Mfumo wa Kujiendesha.” Mfumo unajiendesha, na mimi ndiye ninayeuendesha kujiendesha. Mshahara haukupata habari za cheo hicho. Nadhani daraja lake halijaunganishwa.

Mpwa hajakata tamaa. Juzi alikuja na akili unde inayosoma picha za mwandiko, ili apige picha ukurasa wa Senje na mfumo ujaze wenyewe. Tukaijaribu. Ikasoma “Mochari bado,” ikawaza, ikatengeneza kadi: “Machungwa bado.” Ikamtuma kijana wa kupakia sokoni. Machungwa yalikuwa matamu, hilo sikatai.

Senje alikula chungwa lake akimtazama mjukuu wake kwa muda mrefu. Kisha akamwambia kwamba kazi yake ni nzuri, tena nzuri mno kwa biashara ndogo, na ni dhambi familia kuifaidi peke yake. Ng'ambo ya barabara kuna mshindani wetu mwenye hema mpya na Canter mbili. Mtu mkubwa, mwenye kupenda maendeleo. Je, kijana amewahi kufikiria kwenda kumuunganishia?

Mpwa alisema anaogopa tutamwona msaliti.

“Hapana, mwanangu,” akasema Senje, akimtolea nauli ya boda ya kuvuka barabara. “Nenda. Na lile daraja la kurudi, usisahau kumwekea.”